Mlango wa Mbele

Port Kembla,
12 Juni 2016

Dada yangu mpendwa Noreen,

Naomba karatasi hii ikukute mzima huko Hobart, na goti lako liwe limekuhurumia kidogo katika baridi hii. Wajukuu hawajambo? Yule mdogo, Bridget, bado analala na viatu vyake vya mpira? Mimi sijambo. Mapafu hunikohoza kila asubuhi, lakini daktari anasema bado nipo nipo. Wiki iliyopita nilipita makaburini, nikang'oa magugu kwa baba na mama, na nikampangusa mama kinyesi cha ndege kwenye jina lake.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mara nne nimeipiga namba yako, na mara nne nimekata kabla haijalia. Kwenye simu ningeanza mzaha, ungecheka, tungeagana, na nisingesema kitu. Najijua.

Nadhani ulikisikia kile kipindi cha redio cha kutimiza miaka arobaini ya wimbo wetu. Binti wa redio alikuja hapa nyumbani na kinasa sauti chake, akala pai mbili, akaniuliza historia yote. Nilimsimulia kama ninavyomsimulia kila mtu. Kwamba bendi yetu ya Tanuri ilikuwa ya vijana wa kiwanda cha chuma, na kwamba Kelvin alikuwa na sauti ya kuamsha zamu nzima. Kwamba usiku wa kwanza tulipoupiga "Mlango wa Mbele" pale baa ya hotelini, mzee mmoja wa karakana alipaza sauti, "Acheni kulia, pigeni kitu cha kuchezeka!" Ndipo Kelvin akauongeza kasi kwa hasira, na ukawa hivi ulivyo.

Nikamweleza pia habari za Sydney. Studio tulikodi kwa ajili ya wimbo mwingine kabisa, huu tukaurekodi mwishoni kwa sababu utepe ulibaki. Ukawekwa upande wa pili wa santuri, upande usiopigwa na mtu. Mtangazaji mmoja wa Newcastle akaigeuza santuri kwa kukosea, na kabla wimbo haujaisha watu wakaanza kupiga simu. Baada ya hapo unajua mwenyewe: televisheni, madereva wa malori, majukwaa ya mpira. Hadi leo timu ikifunga, watu elfu kumi wananyanyua bia na kuimba, "Pita mlango wa mbele!" Harusini unaimbwa. Kelvin tulimzika nao.

Binti akaniuliza maneno niliyapata wapi. Nikamwambia nilikuwa jikoni nasubiri maji yachemke, yakanijia yenyewe. Akacheka, akasema wasanii tuna bahati. Dada, mimi na wewe tunajua kwamba nilidanganya. Lakini wewe unajua nusu tu.

Mwezi wa nne tulialikwa kupiga Geraldton, kule magharibi, katika ukumbi wa klabu ya wazee. Siku hizi naimba mimi, sauti ya kukwaruza kama jembe kwenye saruji, lakini watu hawajali, wanaimba wenyewe. Tulipomaliza, mzee mmoja alinijia, mrefu, mvi tupu, na mkewe amemshikia koti. Akasema, "Dezi, bado unapiga gitaa kama mtu anayefukuza kuku." Niliijua ile sauti kabla sijaijua sura. Alikuwa Vasil.

Ndiyo, Noreen. Vasil Stojanov wako.

Alinikumbatia mbele ya watu. Akaniambia alipotoka hapa kiwandani alikwenda moja kwa moja kwenye migodi ya chuma kule kaskazini, akakaa miaka kumi na saba, akaoa, akapata mabinti watatu, na sasa ana shamba la nyanya. Mkewe anaitwa Lorna, mama mpole, akaniambia wimbo wangu umechezwa harusi zote tatu za mabinti. Vasil akasema alipousikia mara ya kwanza alikuwa kwenye bwalo la wachimbaji, na akaacha kula. Alidhani nimewaandikia watu kama yeye, waliokuja kutoka mbali na kila nyumba ikawapitisha uani. Alikumbuka baba alivyowaita "wala vitunguu saumu". Akasema, "Nikawaambia wenzangu, huyu kijana namjua, tulichoma makaa pamoja, huyu ametuona."

Kisha Lorna alipokwenda kutafuta chai, akaniuliza habari zako, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua. Nikamwambia u mzima, ulikuwa mwalimu, umefiwa na mume. Akatikisa kichwa. Akasema siku ile ya kuondoka alikaa juu ya sanduku lake pale stesheni mpaka kipenga kikapigwa. "Nilimwambia nitangoja neno lake," akasema. "Hata neno moja, Dezi. Ningelishusha sanduku."

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Ijumaa ile ya mwaka sabini na tatu uliponipa bahasha nimpe Vasil tukibadilishana zamu, siku moja kabla ya safari yake, niliiweka mfuko wa ovaroli. Getini nilimwona Kelvin kwanza. Akaniambia mwenye hoteli anataka kutusikia sasa hivi, leo hii. Nikaenda. Tukapiga, tukakubaliwa, tukanywa mpaka nikasahau jina langu. Nilikumbuka bahasha Jumamosi mchana nilipotia mkono mfukoni kutafuta kiberiti. Nilikimbia mpaka stesheni na soksi moja mguuni. Treni ilikuwa imeondoka zamani.

Nilirudi nimejiandaa kukuambia. Ulikuwa unapiga pasi mashati ya baba. Hukuinua kichwa, ukauliza, "Umempa?" Nikasema nimempa. Ukauliza, "Alisemaje?" Nikasema hakusema kitu.

Na kesho yake, Jumapili, nilikuona ukiongeza sahani mezani. Mama alikuuliza ni ya nani, ukasema labda atakuja mtu. Nyama ya kondoo ikakatwa, baba akala, akaenda kulala. Saa tisa ukaichukua ile sahani, ukaiosha ingawa ilikuwa safi, ukairudisha kabatini. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako, Noreen. Nilikuwa na mdomo.

Barua niliifungua mwaka uliofuata. Sina kisingizio. Nilisoma ulivyomwandikia: aache uchochoro, avae shati jeupe, aje Jumapili saa saba, apite mlango wa mbele, na baba utamkabili wewe mwenyewe. Sijawahi kusoma maneno ya kijasiri kama yale, na mimi nilikuwa nahangaika miezi kutafuta wimbo. Nikajiambia barua imekwisha kazi, mwenyewe hayupo, maneno yasipotee bure. Nilibadilisha mistari miwili tu.

Uliposikia wimbo redioni ulisafiri kutoka Goulburn ulikokuwa unafundisha, ukanijia gereji tulikokuwa tunafanyia mazoezi. Ulikuwa umepauka. Ukaniuliza maneno yako nimeyapata wapi. Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili. Nami nikakuambia kwamba Vasil alinirudishia barua getini, kwamba aliisoma na wenzake, wakacheka, akasema haina kazi kwake. Nikamchafua mtu aliyekuwa amekaa juu ya sanduku akikungoja. Hukulia. Ulisema tu, "Basi imbeni." Miezi miwili baadaye ukakubali posa ya Colin. Colin alikuwa mtu mwema, nilimpenda, simsemi marehemu kwa ubaya. Lakini nilisimama kanisani nimevaa suti nikijua kwa nini hukumwangalia mtu usoni.

Haya yote ninayokuandikia, nilimwambia Vasil pale Geraldton. Kwanza nilishindwa. Nilimwacha aende. Nilipowaona mlangoni wanatoka nikawafuata mpaka maegesho ya magari, nikamwomba Lorna radhi, nikasema mbele yake, maana nimechoka na mambo ya kificho. Nilisema yote, hadi yale ya kucheka.

Lorna ndiye aliyeshika mdomo. Vasil aliegemea gari lake. Nilitamani anipige. Mwisho akauliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akasema, "Basi mimi usiniombe msamaha. Mimi nimekosa msichana, nikapata mke mwema. Yeye umemfanya aone haya miaka arobaini. Kaanze kwake." Akafungua mlango wa gari, kisha akageuka tena. Akaniagiza maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie sikuyacheka maneno yake. Sikuyaona. Ningeyaona, ningekuja, na baba yake angenitoa kwa mbwa, na ningekuja tena."

Nimemaliza miezi miwili bila ujasiri wa kukufikishia. Leo nimeweza.

Nimewaandikia wanaosimamia nyimbo zetu kwamba jina langu litolewe na lako liwekwe, na yule binti wa redio nimempigia nikamwambia nilimdanganya. Amesema atakuja tena. Nimemwambia asitangaze neno mpaka wewe uruhusu, na usiporuhusu basi. Mimi sitauimba tena. Vijana wa bendi wamekasirika, wananiambia watu watadai nini sasa. Sijui watadai nini.

Barua yako mwenyewe nimeitia humu. Ina doa la mafuta ya mashine pembeni na alama ya kikombe, vyote ni vyangu. Mengine ni mwandiko wako wa miaka ishirini na mbili, umesimama wima kama ulivyokuwa umesimama wewe. Niliiweka miaka yote hii, kwa sababu kila nilipotaka kuichoma nilisoma mstari wa kwanza, nikashindwa.

Sikuombi unijibu, wala sitakuja Hobart bila kuitwa. Wasalimie watoto, mbusu Bridget, na goti lako ulipake dawa hata kama linanuka. Kama umefika mpaka hapa bila kuichana, basi umenivumilia kuliko nilivyostahili. Kama umeichana kabla, salamu hizi hazikukufikia, na ni halali yako.

Mdogo wako,
Desmond