Mbwa Mwitu Aliyeachwa Hai

Dada yangu mpendwa Bernadette,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini mgongo umepoa na wanao hawajambo huko Edmonton. Sisi wazima, ila Mama ananikasirikia, na ndiyo maana naandika.

Karibuu wetu, wale kulungu wa mlimani, hawafiki ishirini sasa. Majike wenye mimba tuliwafungia tena zizini mpaka ndama wapate nguvu. Mama, na magoti yake yale, alipanda mlimani na wenzake kuwachumia ndevu za miti, ile kuvu ya matawini wanayoila, akitania kwamba hajaonja nyama yao tangu aolewe, na leo kawa mpishi wao.

Julai tukafungua lango. Kabla majani hayajadondoka, mbwa mwitu walishawala ndama wote isipokuwa mmoja. Nililia, Dada.

Wakubwa wa wanyamapori wakaja wakasema hakuna njia ila kuwapunguza mbwa mwitu. Mzee Alphonse akawauliza kama waliokata msitu na kuwachongea mbwa mwitu barabara za kuwafikia karibuu nao watapunguzwa. Watu wakacheka, wakubwa wakanywa maji.

Theluji ilipotanda, helikopta ikalifuata kundi na kuliua. Ikamwacha jike mmoja. Tangu hapo analia nyuma ya nyumba, na Mama humwekea tumbaku, sadaka ya heshima kama wazee wetu walivyofanya, akiuliza ni nani mwenye moyo wa kumfanya mnyama mjane halafu akamwacha hai.

Ni mimi, Dada. Mimi ndiye niliyemtega, nikamvalisha kola ya redio inayoonyesha alipo, nikamwachia arudi kwao ili helikopta imfuate. Kaachwa makusudi: akipata wenzake wapya, kola itaonyesha na wao walipo.

Jumapili nilimweleza Mama. Akauliza, "Na yule ndama?" Nikamwambia yu hai, nimemwona. Akasema basi, nisimwombe anisifu wala anilaani. Kesho yake akaenda kuchuma kama kawaida, kwa ajili ya majike wa mwakani. Lakini chakula nilichopika hakigusi, na chai nikimtilia inapoa mezani.

Wakubwa wa wanyamapori wameniomba niendelee na kazi hii, nami nimekubali. Ndama mmoja hatoshi, najua. Ila nikiacha, hata huyo hatakuwepo.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukija Krismasi, nitakutilia chai na wewe. Usipoinywa, sitakuuliza.

Mdogo wako akupendaye,
Verna