Bia Isiyo na Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeandika uongo na kutia sahihi.

Mkwe wangu alinipandishia chupa hadi kitandani — ile bia yake nyeusi anayoihangaikia stoo tangu mwaka jana. Glasi safi, kitambaa cheupe, kama tuko mashindanoni. Akasimama mlangoni akijifanya anakunja shuka. Nikatazama rangi, nikatazama povu, nikanusa, nikaonja. Nikaandika: "Haina kasoro." Akasoma. Akasoma tena. Kisha akaenda kulia chooni, akidhani sisikii.

Ukweli: tangu ile homa ya Januari pua yangu imekufa. Kitunguu, sabuni, dawa ya kuchua — hewa tupu. Ulimi umebaki na utamu, uchungu, chumvi na uchachu, basi. Mengine yote yalikuwa kazi ya pua. Nimefundisha kemia, na nusu ya maisha yangu nimehukumu bia za chupa za watengenezaji wadogo. Majaji wenzangu waliniita Mama Pua. Sikuwahi kumwandikia mtu maneno hayo. Huyu mke wa mwanangu niliwahi kumwambia mbele za watu kwamba bia yake inanuka kitambaa cha kuoshea vyombo. Ilikuwa kweli! Lakini mbele za watu...

Jumatano, 5 Machi

Daktari amekuja. Moyo umechoka. Alisema kwa upole, akitazama viatu vyake. Nijiandae. Habari za pua hakuniuliza, nami sikumwambia.

Mkwe ameyachapa maneno yangu kwenye lebo: "Haina kasoro — Mama Pua." Mwenye duka la vinywaji kasikia, anautaka mzigo wote. Jumamosi analeta gari.

Siku hizi mkwe anakaa ukingoni mwa kitanda, ananipaka mafuta miguuni, ananisimulia vituko vya majirani. Zamani alikuwa akinisalimia mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Alhamisi, 6 Machi

Kafungua chupa nyingine wakati wa chakula cha mchana. Kizibo kikapiga kelele! Povu likapanda, likamwagika mezani, na halikukoma.

"Imechachamaa kama wewe mama ukiwa na majaji wenzako," akasema. Tukacheka wote.

Mimi nilicheka kwa meno tu. Povu la namna ile nalijua. Chachu ya porini imeingia, inaendelea kula sukari ndani ya chupa iliyofungwa, na gesi haina pa kwenda. Bia ya hivyo hunuka karafuu na plasta ya kidonda. Mwenye pua angeijua Jumatatu ile ile, kabla ya lebo.

Nilimwuliza kama chupa ilikaa juani. Hapana, mama. Sikumwambia kwa nini nauliza. Akanijazia glasi. Mwoga mkubwa mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Mlio stoo asubuhi. Chupa imepasuka. Mkwe kaja kwangu na leso kaifunga mkononi, damu imepenya.

"Chupa mbovu tu, mama. Usishtuke."

Nikasema pole. Pole!

Nikamwambia asiingie tena mle, kuna joto. Mwanangu akanicheka: ungekuwa na shaka na hiyo bia, mama, ungeshaisema siku ya kwanza, nani asiyekujua? Ndiyo hivyo. Nyumba nzima imeegemea pua ya maiti.

Kesho zile chupa zitakuwa mikononi mwa watu. Karibu na macho yao.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mkwe. Nilimshika ule mkono wenye kidonda, nikasema yote: homa, kitunguu, karatasi ya Jumatatu.

Nilitarajia anionee huruma, au anitukane. Kachomoa mkono.

"Mama, hata hili moja umeshindwa kuniachia?"

"Mwanangu, sinusi kitu. Nilikudanganya."

"Jumatatu ulinusa. Leo gari linakuja ndiyo pua inakufa? Umelala ukafikiri, ukaona umenipa kingi. Sasa unakichukua."

"Zitapasuka."

"Imepasuka moja! Miaka yote hii nakuletea glasi kama mwanafunzi. Neno zuri umenipa mara ngapi, mama? Mara moja!"

Hivyo ndivyo nilivyomzoesha, kutarajia ubaya tu kwangu.

Akashuka jikoni, akarudi na trei. Glasi mbili, kila moja imefunikwa kisosi. Zote bia yake, lakini moja kaitia mafuta ya taa.

"Usinywe. Unanusa tu, mbele yangu. Uso wako naujua, mama. Nimeusoma kabla hujaandika chochote, miaka yote. Ukikutana na mafuta ya taa utaruka, utake usitake. Usiporuka, nitakuamini."

Honi ikalia getini. Akaiacha trei hapa, akashuka.

Dirisha liko wazi. Mwenye duka anauliza kama mzigo uko tayari, vijana wake waanze kupakia. Mkwe anajibu: "Subiri kidogo. Mama ananusa."

Nikafunua kisosi kimoja kuchungulia. Kosa! Juu ya bia utando wa mafuta unang'aa rangi rangi. Basi nimejua kwa macho. Uso wangu utaruka kabla pua haijafika, naye ataamini anachotaka kuamini, na gari litapakiwa.

Nikafunika. Nikafumba macho, nikazizungusha glasi kwenye trei, huku na huku, bia ikalowesha shuka. Nimezizungusha mpaka mimi mwenyewe sijui tena ipi ni ipi. Nitanusa nikiwa nimefumba vivyo hivyo. Anitazame atakavyo.

Nyayo kwenye ngazi. Zake nyepesi, za mwenye duka nyuma yake.

Kitasa kinazunguka.