Nguzo ya Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 16 Februari 1976

Daftari, hujambo? Siku nne sijakuandikia. Mimi mzima, ila bega la kulia linauma kwa nyundo. Mama Kristina mzima, watoto wazima. Hapa Ipogolo mvua asubuhi, mvua mchana.

Madigadi ya nyuma kulia imenyooka. Siku tatu nzima. Nimeipapasa kwa kiganja juu ya kitambaa, macho nimefumba, kama Bruda alivyonifundisha kule karakana ya misheni ya Tosamaganga. Jicho linachezewa na mwanga, kiganja hapana. Bado kuna kibonde kimoja karibu na taa. Kesho.

Gari hili linanitesa. La Kimarekani, milango miwili, injini ya silinda nane, boneti ndefu kama altare. Usukani uko kushoto. Lilikuwa la Mgiriki mmoja wa tumbaku. Alipoondoka nchini alimwachia dereva wake, Mzee Asajile wa Mbeya. Likakaa miaka mitano ndani ya kibanda cha nyasi, na mvua za kule zinajulikana. Injini nzima kabisa. Bodi imeliwa. Unagonga kutoa bonde, nyundo inatokea upande wa pili.

Alhamisi, 19 Februari

Barua kutoka kwa Tumpe, binti wa Mzee Asajile. Yeye ndiye anayemwandikia baba yake na kumsomea. Macho ya mzee yanakwisha. La kushoto limeshazima. La kulia linaona rangi na kivuli tu, na daktari amesema halitafika Pasaka. Mzee anataka aone gari lake jekundu mara moja, kama siku alipopewa funguo. Baada ya hapo hata likae. Wanakuja tarehe 15 Machi.

Wiki tatu na kitu. Nimekaa juu ya tairi nikasali. Halafu nikainuka nikagonga.

Jumanne, 24 Februari

Leo nimekuta jambo baya. Nimetoa mlango wa kushoto, wa dereva, nikachoma bisibisi kwenye nguzo, pale bawaba zinaposhika. Imezama mpaka mpini. Ndani hakuna chuma, kuna unga mwekundu. Mlango wenyewe mzito kama ndama. Ulikuwa umeshikwa na rangi na mazoea.

Dawa yake ni moja. Kukata nguzo, kuchomelea chuma kipya. Chuma ninacho, kipande cha chesisi ya Landrova. Oksijeni ya kuchomelea sina. Mtungi umekwisha tangu Januari, mwingine unakuja na lori kutoka Dar.

Nimechoka. Nimekula ugali bila kujua mboga ilikuwa nini.

Jumamosi, 28 Februari

Lori limevunjika ekseli Ruaha Mbuyuni. Tingo, msaidizi wa dereva, amefika kwa basi na kiroba cha vitunguu. Nimemuuliza oksijeni iko wapi. Amesema ipo, inalinda lori. Petro seremala, jirani yangu, amecheka mpaka akashika ukuta. Mimi nimekasirika nikamnyima yule tingo chai. Baadaye nikajuta, nikamwita, akanywa vikombe viwili. Hana kosa.

Jumatano ya Majivu, 3 Machi

Nimepakwa majivu alfajiri. Nimemwahidi Mungu kwamba Kwaresima hii sitakasirika. Saa nne nimeshavunja. Nimekwenda mjini kutafuta msasa. Duka la kwanza hakuna. La pili hakuna. La tatu nikauliza basi mna nini, wakasema viberiti. Nimerudi nikasugua boneti kwa kipande cha tofali na maji. Vidole vimechubuka.

Niandike na hili, maana linanikaa moyoni. Bruda alikuwa na desturi. Kila mahali alipofunga chuma juu ya chuma, pale pasipoonekana tena, kwanza alikwaruza msalaba mdogo kwa msumari. Alisema hapa mtu haoni, Mungu anaona, na kazi ni safi. Kazi mbovu alinikataza kuikwaruza. Bruda amekufa, mimi bado nafanya hivyo, mwaka wa ishirini na mbili huu.

Zamani Mzee Asajile alifungua bati la ndani la mlango wa Landrova ya tajiri wake niliyotengeneza mimi, akauona ule msalaba. Akauliza ni wa nani. Ndiyo sababu gari hili limevutwa kwa kamba kutoka Mbeya mpaka kwangu, na Mbeya mafundi wamejaa.

Jumatatu, 8 Machi

Oksijeni bado. Nimezunguka gereji zote za Iringa. Mmoja anayo, haazimishi. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Petro amekuja kuangalia nguzo. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa chekundu. Akasema anazo gundi na vumbi la mninga, zikichanganywa zinakauka kama jiwe. Juu yake bati jembamba, ribiti tatu za kulibana, rangi. Nikamwambia ile ni nguzo, si kabati.

Akaniambia, "Fundi, mzee mwenyewe haoni. Unamtengenezea nani?"

Nimemfukuza. Ameondoka anacheka.

Usiku huu usingizi haunipati. Nikimwandikia Tumpe wasubiri, mzee hataliona. Nisipomwandikia, ataona kitu cha uongo. Bwana, mbona umeniweka hapa?

Jumatano, 10 Machi

Nimefanya.

Nimekwenda kwa Petro mwenyewe na kopo langu. Gunia chakavu ndani, gundi na vumbi juu, bati, ribiti tatu. Bawaba nimezifunga kwa boliti ndefu, zinashika bati na ule uji. Mlango unafunga vizuri. Unafunga vizuri sana. Nimeufungua na kuufunga mara kumi, na kila mara ninaona aibu.

Msalaba sikukwaruza.

Jumamosi, 13 Machi

Mvua imekatika siku mbili, nimepuliza rangi. Nyekundu, mipako minne. Watu wamesimama barabarani. Dereva wa lori ameshuka akalizunguka gari huku ameshika kofia mkononi. Hata Petro hakucheka. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki, na sina furaha nacho.

Jumatatu, 15 Machi

Wamekuja. Mzee Asajile, Tumpe, na mume wa Tumpe aliyekuja kuliendesha. Mzee ni mrefu, koti la zamani, viatu vimepigwa rangi. Nikamsalimu kwa Kiswahili, yeye akanijibu "Kamwene," salamu ya kwetu. Nikafurahi na kuumia hapohapo.

Tulisukuma gari mpaka kwenye jua. Mzee akasimama hatua tano, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayetazama punje. Mwisho akasema analiona. Jekundu, tena linawaka. Tumpe akageuka akafuta uso kwa kanga.

Baada ya hapo akaja kulipapasa. Kiganja kilichonyooka, taratibu, boneti, madigadi, paa. Kama fundi kabisa. Mlangoni akakawia. Akaingia akakaa kwenye usukani, akatoka, na alipotoka aliegemea mlango kwa uzito wake wote, kama mtu asiyeona anavyoegemea. Mlango ukashika.

Akauliza, "Na humu ndani, Fundi, msalaba umeuweka?"

"Umo, Mzee."

"Ndaga," akasema. Ni asante yao. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Wameniachia mchele wa Kyela, kiroba kizima. Wameondoka saa nane. Nimesikia mlio wa injini ile mpaka mbali.

Nimesema uongo kuhusu msalaba wa Bwana. Mimi. Ndani ya Kwaresima.

Ijumaa, 19 Machi

Mtungi wa oksijeni umefika leo. Nimeupiga teke, nimeumia kidole gumba.

Jumapili, 21 Machi

Sikwenda kupokea komunyo. Nimebaki kwenye benchi, watu wananipita kwenye magoti. Mama Kristina hakuniuliza pale. Tulipofika nyumbani akapika ule mchele wa Kyela. Nikasema sitaki. Ndipo akauliza. Nimemweleza yote. Hakunifariji. Alisema tu kwamba wali utapoa. Halafu akasema mzee yule anaegemea mlango ule kila siku.

Nimekwenda kwa Padri jioni. Ameniungamisha, lakini amesema dhambi imeondoka, mlango bado upo.

Jumanne, 23 Machi

Nimeanza barua mara tatu. Mpendwa Mzee wangu. Mzee Asajile, salaam. Mzee, usiegemee mlango. Nimezichana zote. Barua ataisoma Tumpe kwa sauti, mbele ya mumewe. Makosa yangu yatamfikia mzee kwa mdomo wa binti yake. Hapana. Nitakwenda mwenyewe.

Alhamisi, 25 Machi. Mbeya

Nimefika saa kumi, baridi kali. Mtungi na vifaa tulivifunga juu ya basi katikati ya magunia ya viazi. Kondakta aliuliza ndani ya mtungi kuna nini. Nikasema hewa. Akasema hewa Mbeya ipo tele, tena ya baridi, naipeleka ya nini. Abiria wakacheka. Safari hii na mimi nikacheka kidogo.

Mzee Asajile nilimkuta uani, amekaa kwenye gari, kwenye usukani, mlango wazi. Tumpe amenieleza kwamba jicho la kulia limezima Jumapili. Sasa ni giza tupu. Kila siku anakaa mle asubuhi na jioni.

Nilichungulia bawaba kabla sijasalimu vizuri. Ya juu imeshuka upana wa kidole. Ribiti moja imetoka. Ningechelewa wiki moja, mlango ungeondoka naye.

Nilimwambia palepale, nimesimama, kofia mkononi. Gunia, gundi, vumbi la mninga. Msalaba haumo. Nilisema uongo.

Tumpe alikasirika. Alisema baba yake amewaeleza majirani wote habari za fundi wa Ipogolo, na huyu ndiye fundi mwenyewe. Maneno yalikuwa ya haki. Mzee aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Nilisikia jirani anatwanga, nikahesabu mapigo ya mchi nisife.

Ndipo mzee akauliza, "Ungenisubirisha oksijeni, ningeliona?"

Nikasema hapana, Mzee.

"Basi. Rangi nimeshaiona. Sasa tengeneza."

Akaomba mkono atoke. Mlango hakuushika. Alinishika mimi.

Jumamosi, 27 Machi. Mbeya

Siku mbili. Nimekata nguzo yote, juu mpaka chini. Uchafu niliouweka ulitoka kama makande yaliyochacha. Chesisi ya Landrova imekaa. Nimechomelea polepole, ndani kwanza, halafu nje, ikipoa nagonga, narudia. Rangi ya pembeni imeungua, upana wa kiganja. Iliniuma kuitazama inavimba.

Mzee alikaa kwenye kigoda karibu, anasikiliza moto. Mara moja alisema sauti hii ndiyo aliyoingoja Machi nzima.

Kabla sijafunga bati la ndani nilichukua msumari, nikakwaruza. Halafu nikakiongoza kidole chake cha shahada mpaka pale. Akaufuata, wima, kisha kulala. Akaurudia mara ya pili.

Akasema, "Funga."

Rangi nyekundu sina. Mbeya nzima hakuna ya aina ile. Nimepaka ile ya chini tu, isipate kutu. Mzee akauliza ni rangi gani sasa pale mlangoni. Nikamwambia kijivu, Mzee, tena kibaya. Akacheka. Tumpe naye akacheka, kisha akakumbuka amenikasirikia, akaingia jikoni. Alitoka na chai.

Jumatatu, 29 Machi. Ipogolo

Nimerudi. Mvua. Bega linauma. Kuna pikapu ya mkulima inaningoja, madigadi imebondeka, si kazi kubwa.

Jana nimepokea komunyo.

Mchele wa Kyela ulibaki kidogo, tumeupika tukaula usiku huu.

Nimeandika barua fupi, hii Tumpe anaweza kuisoma kwa sauti. Nimewasalimu wote. Nimemwambia mzee sasa aegemee, kwa uzito wake wote, asiogope, halafu aniambie mlango unafunga kwa sauti gani. Mwisho nimeandika: tafadhali nijibuni mapema.