Baba, Breki Zimeachia

Baba,

Shikamoo. Mama anaona. Nimeanza na hilo maana ndilo ungeliuliza kabla hata hujakaa. Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji, na jana asubuhi nilimkuta jikoni akichagua mchele mwenyewe, anatoa mawe na kuyatupa mlangoni kwa hasira kama zamani. Nikakaa kwenye ngazi nikalia kidogo. Sasa nikueleze tulivyofika hapa, kwa sababu gari lako nusura lituharibie kila kitu.

Tangu tulipokuzika, Mama alikataza mtu yeyote asiliguse. Lilibaki palepale kwenye mteremko kando ya migomba, handbreki ikiwa juu kama ulivyoivuta siku uliyorudi kutoka kanisani ukasema kifua kinabana. Kaka Elibariki alipokuja kutoka Sombetini alisema liuzwe kabla halijaoza. Mama akamjibu, "Handbreki ile baba yako ndiye aliyeivuta. Nani ataishusha?" Mvua za masika zikalinyeshea mpaka zikaisha.

Wakati huo macho ya Mama yalikuwa yanafifia. Alisema ni moshi wa jikoni tu, hadi siku alipommiminia mchungaji chai mapajani akidhani ni kikombe. Ndipo akakubali kupimwa. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atolewe. Mama aliogopa sana, Baba. Akatoa sharti moja: aende kwa gari lako. "Nikiwa ndani ya gari lake nitajua hayuko mbali."

Asubuhi ya safari nilikaa kwenye kiti chako, nikashika ile handbreki, mkono ukagoma. Mama akapapasa kutoka upande wake, akaweka kiganja juu ya changu, tukaishusha pamoja. Gari halikusogea. Nikatia gia, likaguna, kisha likachomoka kwa kishindo. Nikadhani yameisha.

Tulianza kushuka kuelekea Tengeru. Gari lilikuwa zito hata kwenye mteremko, na mimi nikawa naongeza mafuta tu. Mama ndiye aliyesema, "Nembris, kuna kitu kinaungua." Nikatazama kioo, gurudumu la nyuma lilikuwa linafuka moshi. Nikakanyaga breki, pedeli ikawa laini, ikazama karibu na sakafu. Nilisikia sauti yako, Baba, ile ya kunifokea wakati unanifundisha: "Rudisha gia! Gari lina gia!" Nikarudisha, nikarudisha tena mpaka gia ya kwanza, mwendo ukapungua, nikaliegemeza kwenye tuta la shamba la kahawa, likakwaruza udongo mpaka likasimama. Mama, ambaye hakuona chochote, akauliza kwa utulivu kabisa, "Tumefika hospitali?"

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Lakini alipoelewa kilichotokea alibadilika. Tuliliacha gari pale tukarudi nyumbani, akajifunika kanga, akasema hatakwenda tena. "Baba yako hataki nitoke. Ameshika gari lake." Nilimbembeleza, mchungaji akambembeleza. Wapi. Mwezi ukapita, na alikuwa ameanza kuninusa ili ajue ni mimi niliyeingia.

Basi nikampigia simu rafiki yako, Fundi Saidi wa Ngarenaro. Akaja mwenyewe kulikokota gari kutoka pale kwenye tuta hadi gereji yake. Nilimweleza habari ya Mama, akafikiri, akasema, "Kesho mlete na mama gereji. Mwambie nina jambo la marehemu la kumwonyesha." Mama alikubali kwa sababu ya neno hilo tu. Akapanda teksi ya jirani, akaletewa kiti pale kivulini karibu na jeki.

Fundi alifungua magurudumu ya nyuma, akaning'iniza kalipa kwa waya. Kalipa ndiyo ile inayobana pedi kwenye diski gari lisimame. Zako zilikuwa zimebana na kugoma kuachia. Pini zake, zinazopaswa kuteleza kwa grisi, zilikuwa kavu. Raba ya kuzuia vumbi ilikuwa imepasuka, maji yakaingia, pistoni ikashika kutu. Fundi akang'oa pini moja kwa nyundo, hakuifuta, akaiweka kwenye kiganja cha Mama.

"Shika, shemeji. Unasikia hizo chengachenga?"

Mama akaipapasa kwa vidole. "Hii ni kutu."

"Ni kutu. Gari limekaa na handbreki juu, kwenye mvua. Hata lingekuwa langu lingeshika hivyohivyo. Marehemu hana mkono hapa."

Mama akaizungusha ile pini kiganjani. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo hajanikataza?"

"Yule?" Fundi Saidi akasema. "Yule angekubeba mgongoni akupeleke."

Mama akalia, Baba. Alilia pale gereji mbele ya watu, kilio ambacho hakulia siku ya mazishi. Na mimi nilihisi kama kitu kimeachia kifuani mwangu, hata kabla gari halijapona.

Kazi iliyobaki tuliifanya taratibu. Nilisugua pini kwa msasa nikazipaka grisi. Fundi akanionyesha kwamba pistoni ya nyuma haisukumwi tu, huzungushwa huku ikisukumwa, mpaka irudi ndani. Tukaweka raba mpya, pedi mpya, mafuta mapya ya breki. Tulipokuwa tunatoa upepo kwenye mabomba ya breki, Mama ndiye aliyekaa ndani kukanyaga pedeli. "Kanyaga, shemeji! Shikilia! Achia!" Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Siku ya kwenda hospitali tulishuka mteremko uleule. Chini kabisa nikasimama, Mama akashuka, akapapasa hadi gurudumu la nyuma, akasogeza kiganja. "Pamepoa," akasema, kama anayeniruhusu. Tukaendelea.

Bandeji ilipotolewa alinitazama usoni kwa muda, akasema nimekonda. Tulipotoka nje akaliona gari. Akalizunguka lote. Nikasubiri machozi. Akasema, "Ndiyo mmeliacha likawa chafu namna hii? Baba yenu angewachapa wote."

Tumeliosha, usiwe na wasiwasi.

Baba, siku ya mazishi Mama alikuona kwa ukungu tu. Kaburi lako hajawahi kuliona sawasawa, wala jina lako kwenye msalaba. Jumapili namleta. Nakuahidi nitakuwa namwendesha kila anapotaka kwenda, na gari nitalitunza kama chombo cha kubebea watu, si kama kumbukumbu. Nadhani hivyo ndivyo ulivyolipenda.

Pumzika, Baba yangu. Huku tunaendelea vizuri.

Binti yako,
Nembris