Mwanamke wa Tseikuru Aliyeniita Syokau

Mama yangu Nduku,

Jumamosi nilienda Tseikuru. Nakuandikia kuhusu safari hiyo.

Unakumbuka siku nilipoleta pikipiki nyumbani Kikima? Ulikuwa unachambua maharagwe mlangoni. Uliiangalia, ukainuka, ukajifungia jikoni. Nilikusikia ukilia. Ulipotoka uliniambia, "Mwende, uza hii kitu. Nakuomba." Nilidhani ni mambo ya kanisa, kwamba hutaki watu waseme binti wa nesi anakimbizana na wanaume barabarani. Tulinuniana mwezi mzima. Baadaye ulizoea, lakini kila nikiondoka ulinishika mkono ukaomba mpaka injini ikapoa.

Sasa ni miezi minane tangu tukuzike. Chama chetu cha pikipiki kilipanga safari ya siku moja, Kitui mjini hadi Tseikuru na kurudi. Tulikuwa kumi na mmoja, mwanamke mimi peke yangu. Baada ya Kyuso ilikuwa vumbi na mbuzi tu. Tulipofika, nikavua helmeti mbele ya hoteli ndogo ili tunywe chai.

Mwanamke mzee aliyekuwa akiuza asali pale nje aliinuka. Chupa ikamponyoka.

"Syokau?"

"Hapana, susu," nilimjibu, kama tunavyowaita nyanya zetu. "Mimi ni Mwende."

"Mwende wa nani?"

"Wa Nduku. Alikuwa nesi."

Akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, akaanza kulia. Kiongozi wetu Mutua alidhani nimemgonga.

Mama, kwa nini hukuniambia? Kwa nini nisikie kwa mtu mwingine kwamba ukiwa msichana ni wewe uliyeendesha pikipiki ya dispensari ya huko? Kwamba Syokau, binti wa susu huyu, alishikwa na uchungu wa kuzaa, gari hakuna, ukambeba, na mkivuka mto mkavu gurudumu likazama mchangani, mkaanguka? Susu anasema njia iliyobaki ulimbeba mgongoni. Syokau alijifungua, kisha akafariki kabla jua halijatua. Mtoto aliyebaki ni mimi.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

"Kulikuwa na kiangazi kibaya," aliniambia. "Sikuwa na maziwa ya kukupa. Nduku akanipigia magoti, akaomba akulee. Nikakubali."

Akaniingiza nyumbani kwake. Ukutani nilijiona kwenye picha: mimi na sare ya darasa la kwanza, mimi nikibatizwa, mimi nikihitimu chuo. Ndipo nikaelewa zile semina ulizosema unaenda kila Agosti. Hakukuwa na semina yoyote; ulikuwa ukimletea susu picha zangu.

Nimekukasirikia, mama. Siku mbili chakula hakipiti. Halafu nakukumbuka nilipougua surua, ulivyoacha kazi ukakaa nami, ukininywesha uji kwa kijiko: "Kimoja tu, mtoto wangu. Kimoja tena." Uliogopa nini? Kwamba nikijua mlivyoanguka ningekuchukia? Kwamba ningerudi kwao? Nisingekuacha. Ungeniuliza tu.

Susu alinipeleka kwenye kaburi la Syokau, nyuma ya zizi. Sikumjua, mama, na uso wangu ni wake. Wenzangu walingoja barabarani, helmeti mkononi, hakuna aliyewasha injini.

Nilipotaka kumuaga, susu akaniuliza, "Na Nduku je, anaendeleaje? Agosti hii hakuja."

Hakujua. Sikuwa nimepona jeraha langu, na sasa ilibidi nimwambie lake. Alinishika mabega, nami nikamshika, na pale kando ya kaburi la aliyenizaa, sote wawili tukakulilia wewe.

Pumzika sasa. Hakuna tena cha kunificha.

Binti yako,
Mwende