Sahihi ya Asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Yaliyomo humu ni yako peke yako. Asiyajue shemeji, wasiyajue watoto, na zaidi ya wote asiyajue Mama, ambaye bado anawatambia majirani kwamba mimi ndiye mshika funguo za dawa. Ndiyo maana sikupiga simu; simu yako hupokewa na yeyote aliye karibu nayo.

U hali gani lakini? Mgongo umetulia, au bado unainamia cherehani kutwa nzima? Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio ulionikimbia, ingawa tangu juzi umeanza kunirudia.

Unajua kazi yangu ni ukarani katika kituo cha magari ya wagonjwa. Mgonjwa simgusi. Natunza daftari la mofini, ile dawa kali ya maumivu. Kabati lake lina kufuli mbili; ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao mhudumu wa zamu. Kila kichupa kina namba. Mhudumu akimpa mgonjwa nusu, nusu iliyobaki haiwekwi akiba. Humwagwa kwenye chombo cha taka za dawa mbele ya shahidi, na wote wawili hutia sahihi saa ileile. Kanuni hiyo haina lakini.

Aliyenifundisha kazi ni mhudumu tunayemwita Mama Taratibu, kwa sababu hata king'ora kikilia yeye humwambia mgonjwa taratibu, mwanangu, taratibu. Dereva wake tunamwita Kobe, kwa kejeli tu, maana akishika usukani vumbi lenyewe humkosa. Siku yangu ya kwanza, aliponiona nimekumbatia sanduku la vichupa, aliniuliza kama nimepewa dawa au yai la kuatamia.

Sasa sikiliza. Jumanne moja fundi mwashi alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika mguu. Mama Taratibu alimchoma nusu kichupa, na daftari likasema nusu ya pili ilimwagwa saa nane na robo mchana, sahihi yake na yangu. Wiki iliyofuata akaja mfamasia mkaguzi, mama mpole wa sauti, akiwa na orodha ya mahudhurio ya semina. Jumanne ile, saa nane na robo, mimi nilikuwa kwenye semina hiyo makao makuu, upande wa pili wa mji. Aliuliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, mtu mmoja amekaaje viti viwili.

Nilipoulizwa kama nilitia sahihi saa ile, nilijibu hapana, sikuwepo. Neno la kweli tupu, na ndilo lililomkaba mwenzangu. Wakubwa waliona ameghushi sahihi yangu na kutia mfukoni nusu ya dawa. Kobe aliapa kwamba aliiona ikimwagwa kwa macho yake. Akajibiwa kwamba jina lake halimo daftarini, na dereva hakosi kumtetea mwenzake. Mama Taratibu akasimamishwa kazi, baada ya miaka ishirini na miwili, mpaka kikao cha Jumatatu. Wenye ndimi wakaanza kukumbuka kwamba alinunua friji mpya.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake alipita mezani kwangu. Nilidhani atanilaani. Aliniambia tu ninywe chai yangu kabla haijapoa.

Dada, sahihi ile haikughushiwa. Ni yangu, ya mkono huu unaokuandikia. Kila asubuhi nilikuwa nikijaza safu ya shahidi kutoka juu hadi chini, ili wahudumu wakirudi na damu kwenye mikono ya mashati wasihangaike kunitafuta. Karani aliyenitangulia aliuita mtindo huo kufagia ukurasa. Nilijiona msaidizi mwema. Kumbe siku ile Kobe alitaka kutia sahihi yake, akakuta jina langu limekwisha kukaa. Shahidi wa kweli alikosa nafasi kwa sababu yangu. Na Mama Taratibu alijua, akaninyamazia.

Nami nilinyamaza siku tisa. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa polisi, niliogopa uso wako.

Juzi yule fundi alikuja kwa magongo kumshukuru mama wa taratibu. Hakuna aliyethubutu kumwambia aliko. Basi akaniomba niandike shukrani zake kwenye daftari langu, pale penye jina lake. Nikalifungua. Sahihi yangu ilikuwa pale, nzuri kabisa, haina hata mtikisiko.

Nilimwendea mfamasia nikamweleza yote. Hakunipigia kelele. Aliandika, akanipa maelezo niyasome, akaniuliza kama nimeyasoma yote. Niliyasoma mara mbili. Akasema nimechelewa siku tisa, lakini nimefika kabla ya Jumatatu. Palepale akamwita Kobe naye aandike yake, na safari hii yakapokelewa.

Jana Mama Taratibu aliambiwa arudi zamu. Kikao sasa ni changu. Huenda nikapewa onyo, huenda nikaondolewa, sijui. Alinipigia simu akasema atakaa nami nje ya mlango mpaka niitwe. Akasema hasira zake nyingi zimekwisha, zimebaki kidogo, na hizo atazimwaga mbele ya shahidi. Nilicheka, Dada, kisha nikalia, kisha nikalala mpaka kulipokucha.

Wasalimie wote bila kuwaeleza lolote. Ukitaka kunipata, usipige namba ya ofisi. Nibipu mara mbili saa saba mchana, nitatoka nyuma kwenye tangi la maji nikupigie. Jumatatu usijaribu kabla ya saa sita. Simu yangu ikiwa imezimwa, piga namba ya Kobe niliyoiandika nyuma ya bahasha, useme wewe ni dada wa mwenye yai, ataelewa. Na wakiniondoa, nitafute kwa Mama Taratibu, nyumba ya mwisho baada ya stoo za saruji. Amesema godoro lipo.

Barua hii nimetia sahihi baada ya kuimaliza na kuisoma.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda