Stola ya Abbé Constant

Jumamosi, 28 Desemba 2002

Redio inasema kuna watu ng'ambo wanadai wamezalisha mtoto kwa klonaji — nakala ya mtu! Binti yangu Bénie aliacha kula. Akauliza kama Papa yake anaweza kurudishwa hivyo. Ana miaka tisa. Nikamwambia kinatakiwa kipande cha mwili, na sisi hatuna hata unywele wa Kambere, mume wangu. Na hata wangeweza, angezaliwa kichanga asiyetujua, asiyejua kwamba chai yake haiwekwi sukari.

"Basi mimi nitamulea," akasema.

Nikaenda kuosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa.

Jumanne, 7 Januari 2003

Paroko wetu, Abbé Evariste, kaja kazini kwangu maabara na bahasha. Ndani: stola ya marehemu padri wetu, Abbé Constant, ile skafu nyeupe ya upadri, na doa lake kubwa la damu, la kahawia. Watu wanasali mbele yake tangu mwaka 98, jeep ya parokia ilipopigwa risasi kule Kibumba. Padri aliletwa maiti, na stola yake, akazikwa. Dereva hakuonekana tena. Dereva alikuwa Kambere wangu.

Mimi sijawahi kuipigia magoti stola hiyo. Nilikuwa na hasira, niseme ukweli.

Paroko anataka kuionyesha kwenye misa ya tarehe 17, mwaka mmoja tangu volkano ichome Goma. Ila kuna wanaosema ni damu ya kuku. Nipime, niandike ni ya Abbé Constant au si yake. Kaleta fishi, kadi yake ya afya ya seminari: Abbé Constant, damu grupu O.

"Kanisa haiogope siyansi, mama Bénie."

Mimi ndiye niliyeogopa.

Ijumaa, 10 Januari

Nimechomoa nyuzi tatu. AB.

Nimerudia. AB. Nimefungua chupa mpya ya dawa, nimerudia tena — AB!

Kambere alikuwa AB. Mimi mwenyewe nilimtoboa kidole siku tuliyojuana. Nikamtania: mchoyo wewe, damu yako inapokea kwa wote, kutoa haitoi ila kwa wenzake. Akacheka mpaka pamba ikaanguka.

Wenye AB ni wachache Goma, lakini hakuwa peke yake. Kipimo hakisemi ni yeye. Moyo unasema. Nadhani padri alivua stola akamfunga jeraha. Mchoyo wangu! Parokia nzima inapiga magoti mbele ya damu yako, na mkeo hakuinamisha hata kichwa.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda misa. Nimelia.

Sasa kile kipande cha mwili kipo. Damu kavu ya zaidi ya miaka minne, imeharibika — hakuna maabara duniani itakayotoa mtu humo. Najua. Ndiyo kazi yangu kujua. Hata hivyo nimekaa nikihesabu nyuzi. Bénie sijamwambia.

Alhamisi, 16 Januari

Jambo moja linanitesa. Grupu O haina alama ya kuonekana. Damu za hao wawili zikichanganyika, mimi nitaona AB tu. Ya Abbé Constant inaweza kuwa humo, chini ya ya Kambere, nisiione kamwe. Na karatasi aliyoniachia paroko nijaze ina nafasi mbili: ndiyo, hapana.

Mchana kaja Mama Ernestine, mama mzazi wa Abbé Constant. Siku ya volkano aliacha masufuria, akaacha godoro, akaitoa stola hiyo kanisani, akakimbia nayo tu, ameifunga tumboni chini ya kitenge. Kanisa liliungua; stola ikapona.

Akaitazama mezani.

"Hii njo damu ya mutoto wangu, ao hapana?"

Nikaanza kupanga chupa. Nadhani alifikiri nina huzuni yangu tu, maana alinishika mkono.

"Wewe haukupata hata kaburi ya bwana yako. Kata kauzi moya, mwanangu. Damu ya mutoto wangu itakuchunga, wewe na Bénie."

Kata uzi! Nimemwambia anisubiri kwenye benchi.

Mkasi ninao. Paroko ametuma mtu mara mbili: karatasi iko wapi? Karatasi bado nyeupe, naandika humu badala yake. Huko nje Mama Ernestine ameanza rozari. Kila fungu linapoisha anamtaja Constant. Halafu — nimesogea mlangoni nisikie vizuri — anamtaja Kambere.